Kwa Nini Mtambo Ulihama Nyarero

Siku mliyoniaga hapo kituoni Morotonga mlinipa kiti chenye mikono, redio na doti mbili za khanga. Asanteni sana. Kiti ndicho nimekikalia ninapoandika haya. Katikati ya chakula Ghati, yule binti anayefuta vioo sasa badala yangu, akauliza kwa sauti: "Bibi Bhoke, ni kweli mtambo wa kwanza ulikuwa Nyarero? Mbona ulihama?" Nikajifanya sijasikia. Lile si jambo la kumsimulia mtu ana pilau mdomoni. Lakini nimelala nikaamka nikaona si vizuri mfanye kazi kwenye mtambo msioujua ulitoka wapi, kwa hiyo nawaandikia. Niliishia darasa la nne, mtavumilia mwandiko. Majina ya watu sijasahau hata moja.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Nyansurura, nikaolewa Nyarero. Mungu alinipa mabinti, wote wakaolewa na watu wengine, na mume wangu akafariki kabla sijapata mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike kama jiko la mgonjwa. Mama mwenye nyumba anatoa ng'ombe anaoa mwanamke wa kumzalia. Mimi nilimuoa Robi, akazaa Mwita, na Mwita ndiye nyumba yangu yote. Yeye ananiita Bibi, mama yake ananiita Mama, na mimi nikimtaja Robi kwa watu nasema mke wangu. Wenyeji hakuna anayeshtuka. Daktari Tumaini, mkuu wetu wa kituo, mwanamke mzaliwa wa Moshi, siku ya kwanza kusikia alibaki na kikombe cha chai hewani.

"Mke wako, Bibi?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Na mtoto ni…"

"Wa kwetu."

Akaweka kikombe chini polepole. Akasema amesomea nyota mpaka Ulaya, lakini hilo hakufundishwa.

Nilianza kazi mtambo ukiwa bado unanuka rangi. Ulikaa juu ya kilima cha nyuma ya shule: sahani kubwa kuliko nyumba ya mtu, imepangwa vioo vingi vidogo vidogo, na mbele yake mikono ya chuma imeshika kamera. Chini kulikuwa na msingi wa zege, na juu ya zege hiyo, pembeni ya mtambo, kontena la kompyuta. Mimi nilidhani nimeajiriwa kupika. Nikaja na mwiko wangu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Sabai, fundi kutoka Musoma, mtu mrefu asiyecheka hadi umzoee. Akautazama mwiko, akanitazama mimi.

"Mama, kibuyu cha maziwa unakisafishaje?"

Nikamwambia: sikwangui, maana ukikwangua unakitia vidonda na maziwa yanaharibika. Nasuuza, nageuza, naacha hewa ifanye kazi.

"Basi kazi yako ni hiyo," akasema. "Mwiko upeleke nyumbani."

Tulifuta vioo alfajiri, kabla jua halijakausha umande. Maji ni ya mvua tu, kutoka kwenye tangi. Maji ya kisima yanaacha madoa meupe. Unamwaga kutoka juu, unaacha vumbi lishuke lenyewe, ndipo unapitisha kitambaa laini cha pamba, mara moja, kwenda chini. Usirudi juu. Ukirudi juu unasugua mchanga kwenye kioo na umekipofusha. Mikono isiwe na mafuta. Siku ya kwanza nilikuwa nimejipaka mafuta ya mgando, nikaacha alama ya kiganja, na Mzee Sabai alishtuka kama nimemchapa kofi mtoto wake. Vioo nilivipa majina ya wanawake wa rika langu, maana kuita kitu kwa namba ni kukidharau. Nyangi alikuwa juu kabisa, Weigesa pembeni yake, Mokami ndiye aliyekuwa na ufa mdogo kama kidonda cha mdomo.

Jambo la pili alilonifundisha Mzee Sabai ni pini. Mchana sahani ililala, imeinamishwa kuelekea upeo, na ilifungwa kwa pini mbili za chuma nene kama mchi wa kutwangia tangawizi. Kila pini ilikuwa na kufuli lake. Pini zikiwa ndani, mtambo haugeuki hata ubonyeze kitu gani kwenye kompyuta. Mzee Sabai alinifungia funguo kwenye kamba, akaniambia: "Anayepanda ngazi ndiye anayekaa na funguo. Si daktari, si mimi. Sahani hii ikigeuka na wewe uko juu, itakupangusa kama nzi. Hata waziri akija, mwambie asubiri mtu ashuke."

"Na akikasirika?"

"Akasirikie chini."

Msidhani alikuwa anaogopa bure. Asubuhi moja walisahau sahani ikiwa imeelekea mashariki. Mimi nilikuwa nimeweka ndoo yangu ya plastiki pale mbele, karibu na kamera, nikaenda kufuata maji. Kurudi, ndoo haipo. Kuna kitu chekundu kimejikunja kama ulimi wa ng'ombe kinatoa moshi. Jua lilikuwa limeingia kwenye vioo vyote na vyote vikalitema mahali pamoja. Nikakaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimepita mahali pale pale dakika chache tu kabla. Toka siku hiyo Mzee Sabai aliuamini mtambo kidogo kuliko nilivyouamini mimi, na mimi sikuuamini kabisa.

Sasa, mtambo ulikuwa unatazama nini? Nitawaambia nilivyoambiwa, na ninyi mliosoma mtarekebisha. Daktari Tumaini alinikalisha kwenye ngazi za kontena. Akasema mbali huko, nje ya nyota zetu zote, kuna mikusanyiko mingine ya nyota inayoitwa galaksi. Katikati ya baadhi yake kuna shimo jeusi, zito kupita jua mara nyingi mno, linalomeza kila kinacholikaribia. Lakini halimezi kwa adabu. Kabla vitu havijazama, vingine vinarushwa nje kwa pande mbili, kama mikondo miwili ya moto, kwa mwendo unaokaribia wa mwanga wenyewe.

"Kama mtoto anayelishwa uji kwa nguvu," nikamwambia. "Mwingine unaingia, mwingine unatokea puani."

Alicheka hadi akafuta macho. Akasema mikondo mingine imeelekezwa kwetu sawasawa, ndani yake mnatoka mionzi ya gamma, mikali kupita ya mashine ya picha ya hospitali. Ikifika kwetu haigusi chini. Inagonga hewa huko juu, inavunjika, inatoa mweko wa buluu mfupi mno, jicho halitauona. Vioo vyangu ndivyo vinauona.

Nikamuuliza, huo mwanga wa leo usiku, umetoka huko lini? Akasema, Bibi, mwingine umetoka kabla hakujakuwa na mtu hata mmoja duniani.

Kitu kimesafiri tangu hakuna Mkurya, hakuna Mjaluo, hakuna ng'ombe, hakuna njia, kinakuja kumalizikia kwenye Nyangi na Weigesa, na aliyewafuta ni mimi. Wiki nzima nilifuta vioo kama napangusa uso wa maiti wa heshima. Nilipomsimulia Mzee Sabai, akasema yeye habari hiyo aliacha kuifikiria, maana ilimkosesha hamu ya kula.

Mzee Sabai alipostaafu akarudi Musoma, na funguo zikabaki kwangu. Ndipo ikaja miaka ya dhahabu.

Dhahabu kwetu ilikuwapo toka zamani, hiyo si habari. Habari ni pale inapoibuka rashi: leo mtu kaokota jiwe, kesho kilima kimejaa turubai, kuna karasha zinasaga mawe kutwa, kuna wauza chapati, wauza betri, wahubiri, na vijana kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari wanaongea Kiswahili cha kule. Mwanzo rashi ilikuwa mbali na sisi. Iliyoivuta ni kalenda.

Mwaka mpya mmoja Daktari Tumaini aliona ni vizuri wanakijiji wajue tunafanya nini. Akachapisha kalenda, akagawa kila nyumba. Juu ya kalenda aliweka picha ya galaksi moja jinsi kompyuta ilivyoichora: pembeni buluu tupu, kuelekea katikati kijani, halafu katikati kabisa doa la njano linalong'aa, na juu ya doa alama ya msalaba mdogo. Kalenda nzuri. Mimi mwenyewe niliitundika juu ya kitanda. Marwa, aliyekuwa msimamizi wa duara moja, yaani shimo la wachimbaji, aliitundika kwenye kibanda chake, akaitazama kwa muda, kisha akapanda kilimani.

"Daktari, shikamoo. Hii njano ni nini?"

"Marahaba. Hapo ndipo penye nguvu nyingi kuliko pengine pote."

"Na huu msalaba?"

"Huo ndio mahali mtambo ulipolenga."

Marwa akashukuru kwa adabu sana. Akashuka. Nilikuwa nasuuza kitambaa, nikasikia kila neno, na sikuona kosa lolote. Nani angeona? Daktari alisema kweli tupu. Lakini Marwa alijua ramani za namna moja tu, zile za wapimaji wa madini, na kwenye zile njano ni dhahabu. Msalaba ni mtambo. Doa limeuzunguka mtambo. Kwa hiyo dhahabu iko chini ya mtambo, na sisi tumeikalia.

Wakaanza duara nje ya uzio wetu, upande wa bondeni. Na hapa ndipo nilipopigwa bumbuwazi kuliko siku ya ndoo: walipata. Si nyingi, lakini walipata. Kilima chote kilikuwa na mkanda wa dhahabu, wangechimba popote wangepata, lakini ungemwambia nani? Picha imesema, jiwe limekubali. Kabla wiki haijaisha kalenda zilikuwa zinatafutwa kama dawa. Watu walikuwa wanaingia nyumbani kwa mjane wanamwomba awauzie mwezi wa kwanza.

Daktari akaomba mkutano wa kijiji. Alisimama na kalenda yake, akaeleza shimo jeusi, mikondo, mionzi, akaeleza vizuri kuliko alivyonieleza mimi, na mimi nikatafsiri kwa Kikurya kwa ajili ya wazee, na uji wa puani nikauweka. Wazee walicheka. Marwa akanyoosha mkono.

"Daktari, hiyo galaksi yako ni mbali?"

"Mbali sana. Hata mwanga unachukua miaka mamilioni kufika."

"Huwezi kwenda?"

"Siwezi."

"Wala mtoto wako? Wala mjukuu wako?"

"Hapana."

Marwa akawageukia watu. "Jamani. Mtu ametoka Moshi. Amejenga chuma chote hiki, zege yote hii, kwa ajili ya kitu ambacho hata mjukuu wake hatakifikia. Wanaomwamini waende kushoto."

Kushoto tulisimama mimi, Daktari, na mbwa wa mwenyekiti. Hata Robi, mke wangu, alibaki kule kule. Jioni akaniambia, "Mama, siku zote hizo unapangusa vioo vya kutazamia dhahabu na hapa nyumbani tunakula matembele. Kama ulikatazwa kusema, sema ulikatazwa." Nikamwapia kwa marehemu mume wangu. Akasema marehemu hakuwahi kuona mtambo. Mwita naye, kijana wa kuoa sasa, mabega kama mlango, alikuwa ameshaingia kwenye kundi la Marwa.

Sasa nimefika kwenye siku yenyewe.

Asubuhi ile Mwita alikuwa anakunywa chai, nywele zimejaa udongo. Robi akamwambia anawe. Akacheka.

"Nawe mara ngapi? Jana jioni mlipougeuza mtambo wenu, Bibi, udongo wote uliniingia shingoni. Niliusikia ukilia juu ya kichwa. Vuuuu."

"Juu ya kichwa cha nani?"

"Changu. Tumeshaingia chini. Zege naigusa kwa mkono hivi." Akanyoosha mkono juu, akagusa dari ya hewa, anatabasamu. "Leo ndiyo tunaingia kwenye njano."

Kikombe kiliniponyoka. Mtoto ameniambia habari ya kufa kwake kama habari ya sikukuu. Nikamwambia, leo huendi. Akasema Bibi usianze. Nikamwambia Robi amzuie. Robi naye alikuwa ameshtuka sasa, namwona, lakini akasema kijana mkubwa hazuiwi kama ndama. Mwita akachukua sururu yake akatoka, na alipita mlangoni akiwa ameinama kidogo kwa urefu wake.

Nikapanda kilimani. Nilifuta vioo, sikumbuki kufuta. Nilishuka kwenye ngazi, nikailaza chini, nikabaki nimeshika funguo. Daktari Tumaini akatoka kwenye kontena anakimbia, simu mkononi, hana kiatu kimoja.

"Bibi! Imewaka! Ile galaksi ya kalenda imewaka, wenzetu wa mitambo ya ng'ambo wameniambia sasa hivi! Haijawahi kuwa hivi toka nianze kazi. Huko kwao kumekucha, mawingu kwa wengine. Leo jua likizama ni sisi tu! Nipe funguo, nataka tujaribu kugeuza mapema."

"Sitoi."

Alidhani natania. "Bibi."

"Kuna mtu juu ya ngazi."

Akatazama. "Ngazi gani? Ngazi iko chini, naiona."

"Mwenyewe yuko chini zaidi."

Nikamweleza. Aliposikia alisema haiwezekani, uzio uko mbali, wasingefika. Nikamvuta mkono, nikamwingiza ndani ya kontena, nikamwambia zima feni, zima kila kitu kinachonguruma. Tukapiga magoti. Mwanamke msomi na mimi, sikio kwenye sakafu ya bati. Mwanzo kimya. Kisha: to. To. To. Mtu anagonga jiwe, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wapo.

"Nani huyo?" Daktari akanong'ona.

"Mwita wangu."

Hakuinuka. Alikaa pale pale sakafuni. Akasema, "Bibi, tumekuwa tukigeuza kila jioni. Kila jioni." Simu yake ikalia, wale wenzake, akaikata. Ikalia tena, akaizima kabisa. Mwako ule, nilikuja kusikia, wengine waliupata usiku uliofuata kule kwao. Yeye hakuupata. Katika miaka yote iliyobaki tuliyofanya kazi pamoja hapo Morotonga hakunikumbusha hata siku moja.

Akapiga simu kwa wenye mamlaka. Mmoja akasema yuko kwenye semina, mwingine akasema atatuma mtu kesho. Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Tukazunguka msingi, na kwenye kona ya zege tukakuta ufa mpya, unaingia kidole. Tukashuka bondeni hadi mdomo wa duara, Daktari akamkuta Marwa pale na turubai kichwani.

"Kaka Marwa, tafadhali, watoe watu. Zege imepasuka."

"Mmegundua tumefika, ndiyo maana."

"Sikia. Leo hatutaugeuza mtambo. Nakuahidi. Lakini hata usipogeuka…"

"Hamgeuzi?" Marwa akasema. "Asante, dada. Basi leo tutachimba bila kumwagiwa udongo."

Na akaita chini: "Vijana! Leo raha!"

Pale ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kila mtu wa rashi anakijua na Daktari hakukijua. Mwanamke haingii duarani. Mwanamke anaponda mawe, anachekecha, anauza uji mdomoni mwa shimo, lakini mguu wake ukikanyaga chini, dhahabu inahama. Duara limekufa. Haliguswi hadi litakaswe. Robi alikuwa pale na sufuria yake ya uji. Alinitazama, akaona ninavyofunga khanga kiunoni, akaelewa kabla sijasema.

"Mama, hapana. Watakupiga."

"Wakinipiga watakuwa wametoka nje."

Mlinzi wa shimo alikuwa kijana anaitwa Muniko. Angeweza kunizuia kwa mkono mmoja. Lakini mimi ni bibi wa umri wa nyanya yake, na kumkamata mama mzima namna ile ni laana. Alibaki anarukaruka mbele yangu, mikono nyuma, "Bibi usifanye, Bibi nakuomba, Bibi nitafukuzwa," na mimi nikampita. Duara lilikuwa linateremka kwa mshazari, limeshikiliwa na magogo. Nikashuka kwa makalio. Nikatambaa. Kulikuwa na joto na harufu ya jasho na tochi zinacheza mbele. Halafu nafasi ikapanuka, nikaweza kuinua kichwa, na juu yangu nikaona chini ya zege yetu. Ile kazi yangu yote, Nyangi, Weigesa, chuma chote kile, nilikuwa nakitazama kwa upande wa kaburi. Ufa ulipita katikati. Ulikuwa unadondosha vumbi jembamba, bila kukoma, kama unga unaochekechwa.

"Hodi," nikasema.

Tochi zote zikanigeukia. Kisha mmoja, Nyamhanga, akapiga yowe kama ameona chui: "Mwanamke! Mwanamke yuko ndani!"

"Bibi umetuua!"

"Dhahabu imeondoka! Imeondoka, jamani!"

Waliacha sururu, waliacha magunia, walinipita wakijibana ukutani wasigusane nami. Wanaume wenye misuli ile, wanamkimbia kikongwe aliyepiga magoti. Wa mwisho alikuwa Mwita. Alilia kwa hasira, machozi yamechora mistari kwenye vumbi.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Bibi. Umenivua nguo."

"Tangulia," nikamwambia. "Utanitukana juu."

Nje kulikuwa na kesi tayari. Wachimbaji wamekaa kwenye kifusi, wauza chapati wamesimama, Daktari Tumaini amesimama katikati haelewi. Marwa alikuwa ananifokea kwa hasira lakini ananiita mama, maana adabu haikumtoka. Akasema duara limechafuliwa, lazima mbuzi, na mbuzi mweusi asiye na doa. Daktari akasema, "Nitamnunua mimi, hata sasa hivi." Marwa akasema hapana, aliyechafua ndiye anayetoa, na tena wewe nawe ni mwanamke, mbuzi wako ana faida gani? Mwita akasema yeye hana la kusikiliza, shati lake liko ndani kidogo tu, pale kwenye gogo la kwanza, analifuata anakwenda zake Migori kwa mjomba. Nikamwona akigeuka kuelekea shimoni. Nikamwita. Hakugeuka.

Robi naye alikuwa ameshaingia kwenye mabishano ya mbuzi.

"Kwa nini mweusi? Sisi tunaye mweupe mzuri tu."

"Mweusi," Marwa akasema.

"Mweusi nyumba nzima yuko mmoja, na ni wa Mwita mwenyewe, alimnunua kwa…"

Hakumaliza. Ardhi haikutoa mlio mkubwa kama mnavyodhani. Ilishusha pumzi. Mdomo wa duara ulifumba, kilima mbele yetu kikazama katikati, na juu yake mtambo ukainama taratibu, ukazidi kuinama, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha vioo vikaanza. Nilisikia kimoja kimoja. Vumbi likapanda likatufunika wote, hata mkono wangu sikuuona.

Watu walikuwa wanakohoa na kuita mama zao. Nikasikia sauti ya Daktari Tumaini inapiga kelele, "Watu! Hesabuni watu!" Vioo hakuvitaja. Halafu ya Marwa, imepasuka, haikuwa tena ya msimamizi:

"Nyamhanga!"

"Niko!"

"Muniko!"

"Nipo, nipo!"

Akaita wengine, wakaitika, mmoja huku analia. Kisha akaita, "Mwita!"

Kimya.

"Mwita!"

Nilikuwa nimempeleka nje kwa mikono yangu, na kwa mdomo wangu nimemkasirisha hadi akarudi ndani. Nyumba yangu yote ilikuwa kwenye jina lile moja, na halikujibiwa. Marwa akavuta pumzi, akaita mara ya tatu, kwa jina la nyumba safari hii:

"Mwita wa Bhoke!"

Kitu kikavuta khanga yangu kwa nyuma. Mtu akakohoa sikioni mwangu, akatema vumbi.

"Bibi," akasema, "nimesikia mnamtaja mbuzi wangu. Simtoi."

Nikageuka. Tumbo wazi, shati hana, mweupe mwili mzima kama aliyegaagaa kwenye unga. Alikuwa amefika karibu na shimo, akasikia mbuzi wake anatolewa, akarudi kugombana. Nikamshika uso kwa mikono yangu yote miwili, nikampangusa vumbi kwa viganja. Ni Robi aliyemjibu Marwa, kwa kelele ambayo nadhani hata Sirari waliisikia:

"Yupo! Yupo hapa! Na mbuzi hatoi!"